Ushahidi wa Mama Mkubwa

Hatcher's Crossing, Georgia
4 Februari 1996

Dada yangu Vernice,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ni Jerlene aliyekuletea kutoka kwenye sanduku la posta, si wewe uliyetoka na magoti yako kwenye baridi ya Toledo. Anwani nimepewa na yeye. Usimgombeze binti yako, mimi ndiye niliyemsumbua mpaka akachoka.

Huku tuko salama. Barafu imeunguza mtini wa mama mpaka kwenye shina, lakini nadhani utachipua. Mchungaji ameoa tena. Mke mpya anaimba kwa sauti inayoizima kwaya nzima na hakuna mwenye ujasiri wa kumwambia, kwa hiyo Jumapili tunafumbua midomo tu na yeye ndiye anayeimba.

Najua unasoma huku unajiuliza Ozella anataka nini baada ya miaka yote hii. Ni habari ya Lavon. Mwanangu bado yu hai, kule gerezani, kwenye jengo la wanaosubiri kufa. Amepata mwanasheria mpya, msichana wa Atlanta anayeitwa Bi. Kessler. Anasema kuna sheria hapa Georgia inayokataza kumuua mtu ambaye akili yake haikukua pamoja na mwili. Lakini lazima ithibitishwe kwamba alikuwa hivyo tangu utotoni. Shule aliyosoma Lavon iliungua na kila kitu kilichokuwemo. Mimi ni mama yake, na neno la mama mahakamani ni kama mvuke wa chai. Akaniuliza, "Nani mwingine alimlea?" Niliinuka nikamwongezea chai, dada. Halafu nikataja jina lako.

Wewe ndiye uliyekaa naye nilipokuwa kiwandani nikishona mashati, tangu anatambaa mpaka ndevu zinaanza kumwota. Alikuita Mama Mkubwa kabla hajajua kuniita mimi mama. Na ni Lavon aliyemuua mumeo. Siandiki neno hilo kwa wepesi. Naliandika kwa sababu usiponisikia nikilitamka utadhani nimelisahau.

Sikuombi umsamehe. Nakuomba useme ulichokiona.

Mdogo wako,
Ozella


Toledo, Ohio
27 Februari 1996

Ozella,

Barua yako imefika. Theluji imefika madirishani. Jerlene mzima, na mimi mzima. Magoti ni yangu, usiyahangaikie.

Hosea wangu alimfungulia mlango. Hilo ndilo ninalolijua kuhusu mwanao. Ilikuwa Jumapili mchana, kituo cha mafuta kimefungwa, yeye yumo ndani anahesabu makopo ya oili. Mtu akabisha. Akauliza nani, akasikia, "Ni mimi, Lavon." Rudell Pike, aliyekuja naye, alikuwa amejibanza pembeni ya pampu, naye Hosea asingemfungulia Pike hata mvua ya mawe ingekuwa inamwangukia. Alifungua kwa sababu ya sauti ya mtoto wetu. Na mtoto wetu alikuwa na bunduki ambayo Pike alimpa, na Pike alipomwambia piga, akapiga.

Pike nasikia ametoka. Aliwajibu watu wa serikali kila walichotaka kusikia, wakampa miaka michache. Hayo nayo nayajua.

Usiniandikie tena jambo hili.

Vernice

Je, kuna mtu anayepalilia kaburi la mama?


Hatcher's Crossing
16 Machi 1996

Dada Vernice,

Napalilia mimi. Jumamosi moja moja, na jembe lile lile lililolegea mpini. Nimepanda irisi upande wa kichwani, zile za zambarau ulizokuwa ukizipenda. Zikichanua nitakutumia picha kama kamera ya jirani itakuwa imepona.

Umenikataza kukuomba. Hukunikataza kukueleza sheria, kwa hiyo nakueleza sheria.

Bi. Kessler alikuja tena. Nilimpikia mkate wa mahindi na mboga, akala kama mtu aliyefunga. Nikamwuliza, "Sasa wataamuaje kama Lavon ni hivyo au si hivyo?"

Akasema, "Bibi Mabry, ukigombana na jirani juu ya mpaka wa shamba, hakimu anatazama mzani umelalia wapi. Ukilalia kwako hata kwa uzito wa punje moja, umeshinda. Lakini serikali ikitaka kumtia mtu hatiani kwa mauaji, punje haitoshi. Lazima ithibitishe mpaka isibaki shaka yoyote ya maana."

Nikasema, "Hiyo ni haki."

"Ni haki. Ila kwenye jambo hili la akili, Georgia imeugeuza mzani. Hapa si serikali inayothibitisha, ni Lavon. Na yeye punje haimtoshi. Ni lazima aondoe shaka yote. Majimbo mengine yenye sheria kama hii hayataki kiasi hicho."

"Na shaka ikibaki?"

"Ikibaki, wanaendelea."

Hakusema wanaendelea na nini. Ni msichana mwenye adabu.

Miaka yote, Vernice, nilidhani shaka ipo ili imwokoe mtu. Kumbe inaweza kuhamia upande wa pili wa meza, ikakaa na wale wengine.

Basi, nimemaliza sheria. Binamu Odom ametolewa jino, analia kama ametolewa mguu.

Ozella


Hatcher's Crossing
20 Mei 1996

Dada yangu,

Hujajibu, nami sishangai. Irisi zimechanua. Kamera haikupona.

Nimekwenda kuhojiwa na watu wa serikali. Si watu wakali. Walinipa kiti kizuri na maji baridi. Kisha wakaniuliza mambo ambayo nilikuwa nikijivunia. Mwanao aliendesha lori? Ndiyo, bwana. Alifanya kazi kwenye kinu cha mbao? Ndiyo, bwana. Alikuwa na chumba chake, analipa kodi? Alikuwa na leseni? Anajua kuandika jina lake? Ndiyo, bwana, nilimfundisha mimi. Nilipotoka, Bi. Kessler alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Unajua jinsi nilivyohangaika na jina lile. Msimu mzima wa pechi, kila jioni, herufi tano, na akifika kwenye "v" anasahau "L" ilikotokea. Sasa jina lile limo kwenye jalada lao, chini ya maungamo ambayo hakuweza kuyasoma, na wanasema mtu anayetia saini ni mtu anayejielewa.

Na kuna hili pia. Kwenye kesi ya kwanza wakili wake wa wakati ule aliniuliza kama Lavon ana kasoro. Nikamwambia hakuna mtoto zuzu kwenye nyumba yangu. Watu walikuwa wamenisema vya kutosha. Wazee wetu walikuwa na msemo wa kutisha, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilidhani ni msemo wa watu wenye kikohozi.

Kesi itasikilizwa Oktoba. Siombi. Nakupa habari.

Ozella


Toledo
9 Juni 1996

Ozella,

Jerlene amepandishwa cheo kule kwenye udobi wa hospitali, sasa ana watu wanane wa kuwafokea, na amenunua kiyoyozi kinachopiga kelele kama tingatinga. Namshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Yule msichana wako amekuja hapa. Ulijua atakuja, na hukuniambia. Nilimwona kupitia pazia, amesimama kibarazani na mkoba mkubwa kuliko yeye. Nikamwambia kupitia mlango wa wavu kwamba sina la kumwambia. Akasema, "Sawa, Bibi Tolbert. Nitapumzika tu kidogo kwenye ngazi yako, nimetoka mbali." Akaketi kwenye ngazi yangu juani. Utamwacha mtu aungue na jua kwenye ngazi yako? Nikampelekea chai ya barafu. Nikarudi ndani. Halafu nikaona glasi iko tupu, nikampelekea nyingine.

Hakuniuliza habari za Lavon. Aliniuliza habari za Hosea. Tangu nihamie huku hakuna mtu aliyeniuliza Hosea alikuwa mtu wa namna gani. Kule mahakamani waliniuliza habari za damu tu, ilikuwa wapi na kiasi gani. Nikamwambia alikuwa anapenda mieleka kwenye redio na hakujua kuogelea. Nikamwambia alikuwa akimwacha Lavon afagie kituo, na akishamaliza anamwacha afagie tena, kwa kuwa mtoto alifurahi akiwa na ufagio. Nikasikia nimeshamtaja. Kutoka hapo nikajikuta nimemwambia habari ya chungu cha maharage. Sikukusudia.

Wewe habari hiyo huijui. Nilikuficha. Nilinunua chungu kipya na sikusema kitu, maana ungempiga, na kumpiga kusingesaidia.

Sikumwambia msichana wako kama nitakuja. Wewe pia sikwambii. Nimekasirika, Ozella. Nimekasirika na wewe, na yeye, na Pike, na Hosea kwa kufungua mlango. Nikiamka hasira imeshaamka kabla yangu na imeshapiga mswaki. Usiniambie niombe Mungu. Naomba.

V.


Hatcher's Crossing
1 Julai 1996

Dada,

Nakutumia kifurushi cha karanga za kuchemsha. Jerlene aziweke kwenye friji mara moja, zisije zikachacha. Chumvi nimeweka kama mama alivyokuwa akiweka, yaani bila huruma.

Sina neno jingine. Nimeandika matatu manne nikayakata.

Ozella


Toledo
2 Oktoba 1996

Ozella,

Karanga zilifika zimechacha. Tulizila.

Nakuja na basi. Nitafikia hotelini karibu na mahakama, si kwako. Usinipokee kituoni. Usinishukuru, wala kabla wala baada. Na usikae mahali ambapo nikiinua macho nitakuona wewe, maana ukilia nitashindwa.

Vernice


Hatcher's Crossing
3 Novemba 1996

Dada yangu Vernice,

Natumaini basi halikukuchosha sana na kwamba Jerlene alikuwa kituoni. Huku mvua zimeanza. Mke wa mchungaji amepata mafua na kwaya imesikika kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Nilikaa nyuma ya nguzo kama ulivyoagiza. Nilikuwa nimeshatoa ushahidi wangu, kwa hiyo waliniruhusu kubaki. Umenikataza kukushukuru na sitakushukuru. Lakini mtu aliye kizimbani hajioni, basi acha nikwambie nilivyokuona.

Ulivaa ile kofia ya buluu. Ulipopita mbele ya meza ya Lavon hukumtazama. Yeye alikupungia mkono. Mikono ilikuwa imefungwa kiunoni, kwa hiyo alikupungia vidole tu, kama anavyofanya mtoto kanisani akijua hatakiwi kuongea.

Bi. Kessler alikuuliza machache. Kisha yule mwendesha mashtaka mrefu akasimama, akasema, "Bibi Tolbert, kwanza pole kwa msiba wako."

Ukasema, "Asante. Umechelewa kidogo, lakini asante."

"Bibi, si ni kweli kwamba kijana huyu aliendesha lori?"

"Aliendesha barabara moja."

"Barabara moja?"

"Kutoka chumbani kwake mpaka kinu cha mbao, na kurudi. Siku walipofunga daraja ili walitengeneze, alisimamisha lori pale akakaa ndani. Kulikuwa na njia ya mchepuko na kibao chenye mshale. Mume wangu alimkuta jioni, bado amekaa. Akamwuliza, 'Unafanya nini hapa?' Akasema, 'Nangoja barabara irudi.'"

Yule bwana akatazama karatasi zake. "Alilipa kodi ya nyumba kila mwezi."

"Alimpa mume wangu bahasha ya mshahara ikiwa imefungwa. Mume wangu ndiye aliyelipa kodi."

Nilikuwa silijui hilo, dada. Nilidhani alilipa mwenyewe. Niliapa mbele ya watu kwamba analipa mwenyewe.

Ndipo akafika kwenye chungu. "Ulimwambia wakili wa utetezi kwamba aliwahi kuunguza maharage akiwa na miaka kumi na mitano. Bibi, hata mimi nimeunguza maharage." Watu wakacheka, na hakimu pia kidogo. Wewe hukucheka.

"Wewe uliyaunguza ukiwa chumba kingine," ukasema. "Yeye alikuwa amesimama mbele ya jiko. Nilimwambia, 'Angalia chungu mpaka nirudi,' nikaenda kumpeleka Jerlene kwa daktari. Niliporudi jiko zima lilikuwa moshi. Maji yalikwisha, maharage yakawa makaa, chungu kikapasuka. Yeye amesimama pale pale, macho yamevimba, anakohoa. Nikamwambia, 'Lavon, mwanangu, unafanya nini?' Akasema, 'Uliniambia niangalie, Mama Mkubwa. Naangalia.'"

Hakuna aliyecheka tena. Nilimtazama Lavon. Alikuwa akitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia shahidi amesema sawasawa.

Yule bwana akakuuliza swali la mwisho kwa sauti ya chini. "Umekuja hapa kwa sababu umemsamehe?"

"Hapana."

Yule bwana akaweka kalamu mezani.

"Basi kwa nini umekuja?"

"Niliulizwa alikuwa mtoto wa namna gani. Mimi ndiye ninayejua."

Ukashuka. Ulipopita tena kwenye meza yake ulisimama kidogo sana. Sijui kama ulisema neno. Halafu ukatoka, na nilipofika nje ulikuwa umeshaondoka.

Ozella


Hatcher's Crossing
22 Januari 1997

Dada,

Hatuna habari nyingine za nyumbani isipokuwa hii, nisamehe.

Hakimu ametoa uamuzi. Ni mzee mwenye heshima, na alikunywa maji kabla ya kuanza kusoma. Alisema kati ya mashahidi wote, hakuna aliyemwamini kama wewe. Alisema wataalamu wa upande wetu wanasema Lavon ana ulemavu wa akili na wa serikali wanasema ni mzito tu wa kujifunza. Alisema yeye mwenyewe akipima yote anaona mzani unalalia upande wa Lavon. Ndivyo alivyosema, Vernice. Unalalia upande wa Lavon. Nilishika mkono wa Binamu Odom nikadhani tumepona.

Kisha akasema, lakini sheria haimruhusu kusimama hapo. Kuna lori, kuna kazi, kuna wale wataalamu wa serikali. Hawezi kusema kwamba haikubaki shaka. Na kwa kuwa shaka imebaki, ombi limekataliwa.

Lavon aligeuka akanitafuta. Akaniuliza kwa midomo, "Tumeshinda?" Maana alisikia jina lake limesemwa vizuri.

O.


Toledo
30 Januari 1997

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni. Halafu nikaketi nikaisoma tena.

Nimeapa mbele ya Mungu, nimekaa kwenye basi mchana kutwa na usiku kucha, nimemwamsha Hosea mbele ya watu wasiomjua, na hakimu ananiambia ameniamini. Ameniamini, na bado amekataa. Sijawahi kusikia mtu akikuamini namna hiyo.

Kula. Najua huli.

Dada yako,
Vernice


Hatcher's Crossing
19 Oktoba 1997

Dada yangu mpenzi,

Asante kwa koti. Linanitosha ukiondoa mikono, ambayo umeipima kwa kumbukumbu ya wakati nilipokuwa mnene. Mtini wa mama ulizaa mwaka huu, tini chache tu, na ndege wakala kabla yangu.

Mahakama za juu zote zimekataa. Wamepanga siku, katikati ya Novemba. Sitaiandika, nikiiandika nitaiona. Bi. Kessler anasema imebaki bodi ya msamaha peke yake, na hao wanaweza kubadilisha adhabu iwe kifungo cha maisha wakitaka, lakini mara nyingi hawataki.

Nilikwenda kumwona Lavon kabla sijaanguka. Ndiyo, nilianguka kibarazani, nimevunjika nyonga, sikutaka kukwambia. Sasa nimelazwa na sijui nitatembea lini. Alikuwa na jambo moja la kuniuliza. Alitaka kujua kama siku hiyo nitakuja kabla ya chakula cha mchana au baada, ili wasimpe chakula wakati tunaongea. Nikamwambia kabla.

Ozella


Toledo
26 Oktoba 1997

Ozella,

Nyonga haifichwi. Na mimi nina simu, Jerlene analipia kila mwezi. Umenikasirisha.

Sasa sikiliza. Amenipigia mwanamke wa ofisi ya serikali, sauti nzuri kama ya mtangazaji. Akasema familia ya marehemu ina haki ya kuzungumza mbele ya bodi.

Nikamwuliza, "Niseme chochote?"

"Chochote, Bibi Tolbert. Ni haki yako."

"Nitakaa upande gani?"

"Upande wetu, Bibi. Tutakuwa nawe."

Nikamwambia nitakuja. Akanishukuru sana. Sikuona sababu ya kumharibia siku yake.

Safari hii nitafikia kwako. Mwambie Odom aniachie ufunguo. Nani anakupikia?

V.


Toledo
14 Desemba 1997

Mdogo wangu Ozella,

Nimefika salama. Jerlene alikuwa kituoni amevaa kofia mbaya sana aliyoifuma mwenyewe. Natumaini Odom anakupeleka kwenye mazoezi ya nyonga na hakuachi ukae tu unatazama dirisha. Ukimaliza supu niliyoigandisha, ile ya kuku iko chini yake.

Nilipokuwa kwako hukuniuliza, na mimi sikusema. Tulizungumza mambo ya mapazia. Jambo hili nalimudu nikiandika, kwa hiyo nakuandikia.

Kwanza bodi. Ni chumba cha kawaida, watu watano nyuma ya meza, na sanduku la karatasi laini za kufutia machozi limewekwa mahali ambapo mjane angeketi. Niliwaambia habari za Hosea, yote, ili wajue nani amekufa. Kisha nikasema, "Mahakamani walitaka isibaki shaka. Hakimu alisema imebaki, basi Lavon afe. Ninyi hamkufungwa na sheria ile. Ninawauliza ninyi mmoja mmoja, je, mnayo shaka? Kama mnayo, mnaitumia kumuua?" Mmoja wao akavua miwani. Yule mwanamke mwenye sauti nzuri alikuwa pembeni yangu. Alinisogezea lile sanduku, nikagundua ni yeye anayelihitaji, nikamrudishia.

Siku mbili baadaye Bi. Kessler akatupigia. Bodi imebadilisha adhabu, Lavon atabaki ndani mpaka Mungu amchukue, si wao. Wewe ulilala usingizi kwa mara ya kwanza. Mimi sikulala. Nilikuwa nikimwaza Hosea, kama angeniona mwenye akili au la. Nadhani angesema nimefanya vizuri, halafu angekwenda kukaa nje peke yake muda mrefu.

Jumamosi nilikwambia nakwenda madukani. Nilikwenda gerezani.

Wamemhamishia jengo jingine, na meza ni za kawaida, hakuna kioo. Amenenepa. Ana mvi, Ozella, na mimi mahakamani sikumtazama. Nilikuwa najitayarisha kumwona yule kijana aliyebisha mlango, wakaniletea mzee. Alikaa, akaweka mikono juu ya meza ili ionekane, kama walivyomfundisha.

Akasema, "Bi. Kessler amesema siendi tena."

"Huendi wapi?"

"Kule." Akafikiri. "Mama alisema atakuja kabla ya chakula. Hakuja."

"Mama yako amevunjika nyonga. Atakuja."

"Sawa."

Tulikaa. Nilikuwa nimebeba maneno kutoka Ohio, mengine kwa miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimepanga kumwuliza kwa nini. Nilimtazama, nikajua nikimwuliza kwa nini atanitazama usoni atafute jibu ninalolitaka, na akiliona atanipa hilo. Ndivyo walivyompata wote, Pike na polisi na kila mtu. Kwa hiyo sikumwuliza. Sitalijua kamwe, na hilo ni langu la kubeba.

Nikamwuliza wanampa chakula gani. Akanieleza kwa kirefu sana.

Askari magereza akaja, kijana mpole, akasema muda umekwisha. Lavon alisimama mara moja. Halafu akafanya kama ulivyomfundisha, kuwatambulisha watu wawili wasiojuana wakikutana mbele yake. Akanielekezea mkono, akamwambia askari, "Huyu ni Mama Mkubwa wangu. Mimi nilimuua mume wake."

Alisema hivyo tu, kama anavyosema jina langu na nilikotoka. Yule kijana aliinamisha macho, shingo ikawa nyekundu. Hakujua aangalie wapi.

Nikamwambia, "Ndiyo. Ni kweli."

Kisha nikamwomba kijana atupe dakika chache zaidi. Akatupa. Lavon akaketi tena, na mimi nikaketi.

Dada yako,
Vernice